Draiva Gani Hii, Kutoka Haitoki, Kuingia Haiingii

Hebu nisaidieni nyie mliosomea kompyuta. Draiva ya waifai inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Intaneti naipata kwa nini? Kwa waifai. Na waifai ili iwake inataka nini? Draiva. Sasa yule aliyekaa akapanga mambo yawe hivyo, akaona sawa, akafunga ofisi akaenda zake nyumbani kula, mimi sina ugomvi naye. Nataka tu nimwone uso.

Mimi si mtaalamu. Mimi ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana hapa Tandika, na laptopu naitumia kwa mihtasari ya vikao na daftari la michango, basi. Hata sikujua kwamba ndani yake kuna vitu vinaitwa draiva, vijiprogramu vya kuielekeza Windows namna ya kutumia kila kifaa. Kumbe zimo tele! Sauti ina yake, kioo kina yake, kamera ina yake, hata kipanya kina yake, na zote hizo hazina maneno na mtu. Yenye maneno ni hii ya waifai. Nafungua asubuhi nitume muhtasari, kule chini kwenye kona alama ya waifai haipo, pamewekwa kidude cha dunia chenye alama ya kukatazwa. Kwani nimekatazwa na nani? Naingia Device Manager, kule kunakoorodheshwa vifaa vyote, nakuta adapta ya waifai, kile kifaa cha ndani kinachoinasa, imevishwa pembetatu ya njano.

Ukiuliza watu, wote jibu lao moja: "Ifute, halafu restati, itajirudisha yenyewe." Wanasema hivyo bila hata kuinua macho kwenye simu. Haya, nikafuta, nikarestati. Kweli, ikajirudisha yenyewe. Na pembetatu yake.

Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba Windows ina ghala lake, linaitwa DriverStore, humo inatunza nakala ya kila draiva iliyowahi kuinstoliwa. Ukifuta bila kuweka tiki kwenye kile kiboksi kidogo kinachouliza kama uondoe na faili zenyewe, hujafuta kitu. Inarudi ghalani, inachukua ile ile mbovu, inaipachika tena. Haya, nikaweka tiki. Hapo ikafutika kweli kweli, mpaka adapta ikapoteza na jina lake, ikahamia kwenye kundi la vifaa visivyojulikana, ikapewa msimbo 28. Nausoma: draiva za kifaa hiki hazijawekwa. Si wewe uliyeniuliza kama nizitoe?

"Baba Zuhura," mama watoto akasema kutoka jikoni, "simu yako si ina bando? Pakua kwa simu."

Sikumjibu, lakini nilichukua simu. Naingia tovuti ya watengenezaji wa laptopu, naandika modeli, wananiletea draiva za waifai tatu, kila moja ya kiwanda chake, nichague. Nichague mimi! Kumbe laptopu za modeli moja zinaweza kufungwa kadi za waifai tofauti, na ukitaka kuijua yako lazima uingie Properties, kisha Details, utafute herufi VEN na tarakimu nne zinazofuata. Ukiona 10EC ni Realtek. Ukiona 14C3 ni MediaTek. Yangu ilikuwa 8086, ambayo ni Intel. Fundi mmoja akaniambia hiyo ni namba ya chipu yao ya mwaka 1978, wakaipenda wakaifanya kitambulisho cha kampuni. Mwaka 1978! Nduli Amin anavamia Kagera, vijana wanapanda malori kwenda vitani, wenzetu wametulia wanatoa namba ambayo mimi nitakuja kuisaka na miwani ya kusomea.

Nikapakua. Bando la wiki likaenda lote. Nikachomeka simu kwa waya, faili likahamia kwenye laptopu, nikabonyeza. Kile kimstari cha kijani kikakimbia vizuri mpaka mwisho, ikaandika imekamilika. Nikashukuru Mungu. Narudi Device Manager: jina limerudi, na pembetatu iko pale pale, ila msimbo umebadilika, sasa ni 56. Nausoma taratibu, maana yake Windows bado inaandaa mipangilio ya aina hii ya kifaa.

Bado inaandaa! Ilikuwa Ijumaa kabla ya swala. Nikaiacha iandae. Jioni inaandaa. Nikalala, nikaiacha imewaka usiku kucha, nikafunika na kitambaa isije ikaona haya. Jumamosi asubuhi inaandaa. Jamani, hata pilau la watu mia haliandaliwi hivyo.

Mpwa wangu Hamisi akaja na ujuzi wake. "Mjomba, achana na waifai. Chomeka simu kwa waya, washa kugawa intaneti, laptopu inapata moja kwa moja." Na ni kweli, ukifanya hivyo laptopu inaiona simu kama adapta nyingine ya mtandao, haina habari na kadi ya waifai. Nikachomeka. Ikaiona. Ikaipa na yenyewe msimbo 56! Nikaazima waya wa mtandao kwa jirani, ule mnene wa bluu, nikauchomeka kwenye ruta. Ile adapta ya waya ambayo haijawahi kuniudhi tangu nimenunua mashine, nayo 56. Hapo ndipo niliposhuku kwamba kosa si la draiva.

Lakini nenda kamwambie fundi. Fundi wa hapa mtaani ana dawa moja. "Mzee, hii tupige window." Laptopu inachelewa? Tupige window. Inapiga kelele? Tupige window. Naamini ningempelekea bawaba imekatika angeniambia mzee tupige window halafu tuone. Tupige window maana yake nini? Maana yake anafuta Windows yote na kuiweka upya, na daftari la michango liko kwenye roho ya fundi na flashi yake. Mle ndani kuna mtu hajatoa mchango tangu msiba wa kwa mzee Pazi na kila kikao anaapa kwamba alitoa. Kuna wanachama wangenichangia hela ya fundi wenyewe, siku hiyo hiyo, bila kukumbushwa.

Mwalimu wa nyumba ya pili naye: "Umejaribu kuzima na kuwasha?" Nimezima, mwalimu. "Basi hujazima." Kumbe anajua anachosema. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza kuzima mashine haizimi yote, inajihifadhi nusu kwenye diski ili kesho iwake haraka. Inayoanza upya kwelikweli ni restati. Yaani ukitaka izime, usizime. Nimeyapokea kama yalivyo, umri huu sibishani tena.

Jumapili Hamisi anakula ugali wangu, anasema tu, hivi hivi, bila kuulizwa: "Mjomba, au ni ile VPN?"

VPN gani?

"Ile niliweka nikaangalia mpira. Lakini niliitoa. Nilifuta foda lake."

Alifuta foda lake. Nikaweka tonge chini. Kwa taarifa yenu, VPN ni programu ya kuipitisha intaneti yako njia ya kificho, na ikiingia haikai kando kama programu ya kuandikia barua. Kuna nyingine zinajipenyeza katikati ya Windows na adapta, kila kifaa cha mtandao kikitaka kujiandikisha kinapitia kwao. Ukifuta foda umeondoa nyumba, mlinzi wa geti umemwacha kwenye orodha. Windows inasimama pale getini inamngoja afungue, na yeye hayupo, na haijui kwamba hayupo. Ndiyo hiyo "bado inaandaa". Ingeandika tu kwamba inamngoja mtu wa Hamisi, mimi ningejua pa kwenda tangu Ijumaa.

Na dawa yake sasa, sikilizeni vizuri. Ili kuitoa VPN, ilibidi kwanza tuiweke tena. Ndiyo! Kwa bahati faili lake la kuinstolia lilikuwa bado kwenye flashi ya Hamisi, pamoja na nyimbo ambazo mama yake hazijui. Tukaiweka, ikakaa vizuri, mlinzi akarudi kazini. Kisha tukaitoa kwa njia yake halali, kule kwenye orodha ya programu, ikabeba na vyake vyote. Tukamalizia na kile kitufe cha kurudisha mipangilio yote ya mtandao mwanzo, kinachong'oa adapta zote na kuzipandikiza upya. Kinakupa dakika tano za kuhifadhi kazi zako halafu mashine inarestati yenyewe. Dakika tano hizo Hamisi alizitumia kumalizia samaki wangu.

Ikawaka. Pembetatu hakuna. Alama ya waifai imerudi kwenye kona yake, tena imejaa mistari yote. Hamisi anapokea pongezi kwa mama Zuhura kama vile si yeye! Nikabonyeza niunganishe, ikanijibu kwa adabu: weka nenosiri. Maana hicho kitufe kikishang'oa adapta, kinasahau na waifai zote ilizowahi kuzijua.

Nenosiri alilitunga kijana aliyetufungia ruta, na kijana amehamia Dodoma. Hamisi halijui, simu yake huwa inajiunga yenyewe. Mama Zuhura anakumbuka liliandikwa kwenye kibandiko chini ya ruta, na kibandiko alikibandua alipokuwa anafuta vumbi la Idi. Tukabaki tunatazamana.

Nje dirishani, pale ukutani ambapo watoto wa jirani hupenda kukaa jioni na simu zao, nami siku zote nikisema watoto hawa wana nidhamu, wanapenda kukaa karibu na wakubwa, kasauti kakaita:

"Babu! Ni Tandika, T kubwa, halafu moja mbili tatu nne. Na mwambie Hamisi asipakue muvi, inatukwamisha."