Kabla ya Kushika Wembe, Lishike Gole la Kuku Asubuhi

Kuku akivimba pale chini ya shingo, mtaa mzima unageuka daktari. Mmoja atakwambia umnyweshe mafuta ya kupikia, mwingine umning'inize miguu juu kichwa chini atapike, wa tatu atakuja na wembe mpya na uzi wa cherehani. Ukienda duka la dawa za mifugo utauziwa tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, kabla hujamaliza kueleza. Wote hao wanataka kuku apone, sina shaka na nia yao. Lakini naamini kuku wengi wanaokufa wakiwa na gole lililovimba tunawamaliza sisi kwa pupa ya kutibu kitu ambacho hatujakijua. Na njia ya kukijua haigharimu hata senti: umshike asubuhi, kabla hajala.

Gole ni kile kifuko chembamba kilicho mwisho wa shingo, mbele ya kifua, kikiegemea upande wa kulia. Kuku hana meno, kwa hiyo anachodonoa kinatua pale kwanza, kinalowana na kulainika, halafu kinateremshwa kidogo kidogo kwenda kwenye tumbo lenye tindikali na kuishia kwenye firigisi, ambako vijiwe alivyovimeza ndivyo vinavyosaga. Gole lililojaa jioni ni dalili nzuri. Kuku ameshiba na anakwenda kulala na akiba yake. Watu wengi huona uvimbe ule saa kumi na moja jioni, wakashtuka, na matibabu yakaanza kwa kuku ambaye hana tatizo lolote.

Fanya hivi. Jioni ondoa chakula chote bandani, acha maji tu. Alfajiri, kabla hujafungua mlango, mchukue yule unayemtilia shaka, mbane kwapani taratibu mabawa yakiwa yametulia, na upapase kwa vidole. Gole la kuku mzima wakati huo limenywea, unaweza hata kulikosa. Kisha mpapase na mwenzake asiyeumwa. Hatua hii ya pili watu wanairuka, na ndiyo inayokufundisha zaidi, maana mkono hauwezi kutambua kibaya kama haujazoea kizuri. Mimi ningependa kila anayefuga uani awapapase kuku wake mara kwa mara hata pasipo na mgonjwa.

Ukikuta bado limejaa, swali linalofuata ni limejaaje.

Kama ni gumu, umeshika bonge ambalo halibonyei, basi kuna kitu kimekwama. Kuku wa namna hii hunyoosha shingo kana kwamba anajaribu kumeza upya, anadonoa bila kula, anakonda huku kifua kikionekana kimenona. Kinyesi kinakuwa kidogo, cha majimaji, mara nyingi cha kijani kwa sababu hakuna chakula kinachofika chini. Huyu mtenge peke yake, na asilazwe kwenye maranda wala pumba za mpunga, maana kwa njaa atazila na kuongeza tatizo. Sakafu tupu au gazeti inatosha, na itakuonyesha anachokinya. Chakula kikomeshwe kwa muda usiozidi siku moja. Maji abaki nayo. Mpe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ukichanganya matone ya mafuta ya alizeti au ya nazi, kisha lichue gole kwa vidole, taratibu, dakika chache tu, na urudie mara kadhaa kwa siku. Lengo ni kulilowesha lile bonge liachane. Usilikamue.

Hapo kwenye kunywesha ndipo penye hatari. Fungua mdomo wa kuku kwenye mwanga mzuri, utaona nyuma ya ulimi kitundu kidogo kinachofunguka na kufunga anapopumua. Hiyo ni njia ya hewa. Kila unachokimwaga katikati ya ulimi kwa nguvu kina uwezekano mkubwa wa kuingia humo, na mafuta yakishafika mapafuni hayatoki. Kwa hiyo weka tone pembeni mwa mdomo, ngoja ameze, ndipo uweke jingine. Kazi ya dakika kumi. Asiye na dakika kumi bora asimnyweshe kabisa.

Bonge likianza kulainika na asubuhi gole likapungua, mrudishie chakula laini: chakula cha vifaranga kilicholoweshwa, uji, yai la kuchemsha lililopondwa. Majani na mahindi mazima yasubiri. Siku mbili zikipita bila badiliko, hapo umefikia mwisho wa uwezo wa nyumbani na anahitajika mtaalamu.

Aina ya pili inawachanganya watu kwa sababu uvimbe kwa macho ni uleule. Ukishika, gole ni tepetepe, limejaa maji na hewa, na ukisogeza pua karibu na mdomo wake unapata harufu ya uchachu, kama togwa iliyopitiliza. Mara nyingine ndani ya mdomo kuna utando mweupe. Hapo mara nyingi kuna fangasi wanaoitwa Candida albicans. Hawa si wageni. Wanaishi kwenye njia ya chakula ya kuku kwa idadi ndogo, wakizuiwa na bakteria wema waliojaa goleni. Chakula kikilala humo bila kushuka, au kuku akinywa maji machafu siku nenda siku rudi, au akilishwa makombo yaliyovunda, fangasi wanapata nafasi yao.

Na kuna njia nyingine inayowapa nafasi, ambayo ndiyo inayoniumiza zaidi: antibayotiki. Dawa hizi huua bakteria. Fangasi haziwagusi. Ukimpa kuku mwenye gole chachu tetrasaiklini, unawaondoa walinzi na kumwachia mwizi nyumba. Nimeona mtu akirudi dukani siku ya tatu kulalamika kwamba kuku kazidi, akaongezewa dawa ileile. Dawa inayolenga fangasi hawa ipo, inaitwa nistatini, na kipimo chake kinahitaji mtu anayejua uzito wa kuku na hali yake. Tunahubiriwa kila siku kuhusu usugu wa dawa, vipindi vya redio vinaeleza, mabango yapo zahanati, halafu nyuma ya nyumba zetu dawa hizohizo zinamwagwa kwenye maji ya kuku kwa kukisia, na mayai yanaliwa asubuhi yake. Hili halikubaliki, na aliye dukani anawajibika sawasawa na mnunuzi.

Siki nayo? Kidogo sana kwenye maji haitamdhuru, mradi chombo kisiwe cha bati, kwa kuwa uchachu unakula madini ya zinki yaliyopakwa humo na kuku ananyweshwa sumu. Ila usiitegemee kumponya kuku ambaye tayari ananuka mdomo na ameacha kula.

Kumning'iniza kichwa chini ili majimaji yatoke, naomba tuache. Yanatoka kweli, ndiyo maana watu wanaipenda njia hii, inaonekana imefanya kazi. Lakini yanapita palepale karibu na kile kitundu cha hewa, na kuku anaweza kufia mikononi mwako kwa kupaliwa. Wapo madaktari wa mifugo wanaojua kuyatoa majimaji goleni kwa mpira maalumu. Tuwaachie.

Kuna pia gole linaloning'inia, lililolegea misuli baada ya kutanuka mno, likiyumba kuku anapotembea. Mengine ni ya asili ya ukoo. Hili haliponi kirahisi, na kuku anaweza kuishi nalo akilishwa kidogo kidogo mara nyingi. Usimtumie kuzalishia.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona linasahaulika. Mara nyingi gole halina kosa. Limejaa kwa sababu huko chini kumefungwa, au kuku mzima anaumwa na mwili umesimamisha kazi. Kuku mwenye mdondo, ambao wengine mnauita kideri, anaweza kuwa na gole lililojaa maji, na wewe ukakesha unalichua huku ugonjwa unalisafisha banda. Ugonjwa wa Marek hushambulia neva, ikiwemo ile inayoliendesha gole, na mara nyingi utaona kuku huyo pia amelala mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Minyoo nao wapo wanaoishi kwenye ukuta wa gole lenyewe, achilia mbali wale wa utumbo wanaoziba njia. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya yote ni: ni kuku mmoja au ni wengi? Akiwa mmoja, fikiria kilichokwama. Wakiwa watatu kwa wiki moja, wakiharisha kijani, wakihema mdomo wazi, wengine wakipinda shingo, sahau habari ya gole, watenge na umpigie simu afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Na kwa mdondo hatuna kisingizio. Chanjo yake, iitwayo I-2, inatengenezwa hapahapa Tanzania, Kibaha, na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Ilibuniwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, kwa kuwa inavumilia joto kuliko chanjo nyingi, hivyo inafika mahali pasipo na jokofu. Tone moja jichoni, na kurudia kila baada ya miezi mitatu. Mnaweza kuchanga majirani watano mkagawana kichupa kimoja.

Nirudi kwa yule kuku mmoja, maana wengi tunaofuga uani shida yetu ni hiyo. Jirani yangu alimchinja tetea wake aliyekuwa amesumbuka muda mrefu, tukalipasua gole tuone. Ndani lilitoka bonge lenye ukubwa wa yai la bata: majani makavu marefu yaliyosukana na nyuzi nyeupe za kiroba cha chakula cha kuku, zile zinazochomoka pale unapokata mdomo wa mfuko. Katikati kulikuwa na kipande cha nywele za bandia, za kusukia. Nilikivuta kwa kidole na bonge zima likafuata. Hakuna mafuta ya alizeti ambayo yangeyeyusha kitu kile.

Tuangalie yadi zetu. Tanzania tulipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, na kweli ile ya rambo imepungua, lakini nyuzi za viroba, vifungashio vya pipi na nywele zinazofagiwa kutoka kibaraza cha saluni vimebaki, na kwa kuku uzi mweupe mchangani ni mnyoo. Ukifungua kiroba, zikusanye nyuzi zake hapohapo uzitie moto au kwenye ndoo yenye kifuniko. Ukifyeka nyasi, usiwarushie mabua marefu yaliyokauka. Kata mafupi, na yawe mabichi. Wanaofungiwa kwenye sakafu ya saruji wawekewe kokoto ndogondogo kwenye sahani, wachague wenyewe. Chaza zilizosagwa zinazouzwa madukani ni kwa ajili ya gamba la yai. Zinayeyuka tumboni, hazisagi chakula, kwa hiyo zisihesabiwe kama kokoto.

Kuhusu wembe, msimamo wangu hauna kona. Kuku anasikia maumivu. Ukuta wa gole na ngozi ya nje ni tabaka mbili zinazoshonwa kila moja peke yake. Ukizishona pamoja kwa uzi wa cherehani chakula kinavuja, kidonda kinaoza, na kuku anakufa baada ya siku kadhaa za mateso, wakati wewe umeshawatangazia majirani kwamba upasuaji ulifanikiwa. Daktari wa mifugo anaifanya kazi hii kwa ganzi na vifaa safi, na kuku wengi hupona. Najua jibu litakalokuja: gharama ya daktari inaweza kuzidi bei ya kuku mwenyewe. Ni kweli, na sitamlaumu mtu kwa hesabu hiyo. Ila umaskini hautupi ruhusa ya kumpasua kiumbe akiwa macho. Piga simu kwanza, maafisa mifugo wengi hutoa ushauri bila kudai kitu. Ikishindikana, mchinje mapema kwa kisu kikali, asiachwe afe kibudu baada ya wiki ya kuhangaika.

Kama umeshampa dawa, nyama na mayai yake yasiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Na usimuuze. Kila siku ya gulio utamkuta mtu ameshika kuku mwenye gole lililojaa maji, macho yanafumba, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau, anamwambia mteja kuwa kuku amechoka na safari. Huyo kuku akiwa na mdondo, ifikapo jioni atakuwa ameingia kwenye banda la mama fulani ambaye kuku wake ndio ada za mtoto wake.