"Vumilia" si dawa

"Mama, hayo ni ya umri. Vumilia." Daktari aliniambia hivyo huku macho yake yakiwa kwenye karatasi, na kabla sijajibu akamwita mgonjwa aliyefuata.

Nilikuwa nimemweleza vizuri tu dalili zangu za ukomo wa hedhi. Usiku naamka mara tatu, mara nne, joto linapanda kutoka kifuani hadi masikioni, shuka limelowa. Nageuza mto upande mkavu. Dakika tano hazipiti, baridi inanitambaa mgongoni, napapasa sakafuni kutafuta blanketi nililolitupa mwenyewe. Asubuhi naenda kazini kama kawaida.

Nivumilie mpaka lini? Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa nusu ya wanawake wanaopata joto hili mara kwa mara hukaa nalo zaidi ya miaka 7. Miaka 7 ya usingizi wa vipande! Hakuna anayemwambia mwenye jino bovu avumilie miaka 7.

Na si mawazo yetu. Kuna sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili. Homoni ya estrojeni ikipungua, sehemu hiyo inakuwa nyepesi kushtuka: joto likiongezeka chembe tu, mwili unajitetea kana kwamba unaungua. Mishipa ya ngozi inatanuka, moyo unakwenda mbio, jasho linamwagika. Ndiyo maana baridi hufuata, mwili umejipoza kupita kiasi. Ningeelezwa hayo tu siku ile, ningetoka na amani.

Tiba ya homoni ndiyo inayotuliza joto hili kuliko zote. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba si ya kila mtu: aliyeugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwa kawaida hapewi. Lakini hofu kubwa ya tiba hii ilitoka kwenye utafiti wa mwaka 2002, ambao washiriki wake walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwanamke mwenye afya, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hajapitisha miaka 10 tangu hedhi ikome, mara nyingi faida huzidi hatari. Asiyeweza homoni anazo dawa nyingine. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha fezolinetant, inayotuliza ile sehemu ya ubongo bila homoni. Nguo nyepesi na kupunguza pombe husaidia kidogo. Vidonge vya mitishamba, ushahidi wake ni dhaifu.

Nilipompigia dada yangu mkubwa kumsimulia, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema yeye yalimkaa miaka tisa. Alidhani ni ugonjwa wa moyo, akaogopa kuuliza. Miaka yote hiyo alikuwa akibadili nguo gizani, taratibu, ili mumewe asiamke.