Kijiti Kifupi cha Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ana pikapu kuukuu ambayo pembeni ya gia ya kawaida ina kijiti kingine kifupi. Hicho ndicho cha kuingiza na kutoa foo-wili, yaani injini kusukuma magurudumu yote manne badala ya mawili ya nyuma tu. Kwa shemeji foo-wili si mtambo, ni cheo. Akimwona mtu na gari dogo humwonea huruma kwanza, kisha hukipapasa kijiti chake. Kwa kupapaswa huko miaka nenda miaka rudi, maandishi yote ya juu yake, 2H, 4H, N na 4L, yamefutika pasibaki hata nukta. Taa ya foo-wili kwenye dashibodi nayo ilishakufa zamani. Ukitaka kujua kijiti kiko wapi, unamwuliza mwenyewe, naye hujibu kwa uhakika mkubwa sana.

Tulikuwa tunahamisha kabati la nguo la dada, zito, la milango miwili yenye vioo. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, jua likatoka asubuhi. Nikashauri tuzunguke na barabara ya lami.

"Lami ya nini, shemeji, na foo-wili ninayo?"

Tukashika njia ya udongo. Pale bondeni magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bila kwenda. Shemeji akatabasamu. Nadhani alikuwa akiisubiri hiyo nafasi tangu alfajiri. Akakanyaga klachi, akakisukuma kijiti kifupi, akaachia klachi polepole, na magurudumu ya nyuma yakaendelea kuzunguka bila kwenda. Ya mbele yakatulia tuli, yakitazama mandhari.

Akaongeza moto. Matope yakaruka, yakapita dirishani kwangu, yakaniingia masikioni.

"Shemeji," nikamwambia, "habu umezifunga?"

Kimya. Pikapu za aina hiyo, katikati ya kila gurudumu la mbele kuna habu ya kuzungusha kwa mkono, imeandikwa FREE na LOCK. Ikiwa kwenye FREE, unaweza kukisukuma kijiti mpaka kipindike: shafti ya mbele itazunguka, gurudumu halina habari. Lazima dereva ashuke azizungushe zote mbili hadi LOCK. Mwenye busara huzifunga kabla ya kuingia kwenye tope. Sisi zetu zilikuwa tayari zimezama.

Kwa kuwa dereva haachi usukani (sheria hiyo niliisikia kwa mara ya kwanza pale pale), aliyeshuka ni mimi. Nikapiga goti, nikapenyeza mkono kwenye uji wa udongo, nikatafuta habu kwa vidole. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa imekaza, nikaibembeleza, nikaisemesha, mwishowe ikageuka, na nguvu niliyokuwa nimeiegemeza ikanipeleka kifudifudi. Nilipoinuka shemeji alikuwa amenyoosha kidole gumba juu.

Lazima niseme haki: gari lilitoka. Magurudumu manne yalishika, pikapu ikapanda ule ukingo kwa adabu zote, na kabati nyuma likafungua mlango mmoja na kuufunga. Shemeji hakusema neno. Alinitazama tu, na jicho lile lilikuwa hotuba nzima.

Tukaingia kwenye lami. Jua lilishaikausha, nyeupe pe.

"Utaitoa sasa?" nikauliza.

"Ya nini? Ikiwa ndani tuko salama zaidi."

Kona ya kwanza tairi za mbele zikalia. Kona ya pili usukani ukawa mzito, gari likaanza kurukaruka na mlango wa kabati ukapiga makofi. Kwenye mzunguko wa barabara, ambao shemeji aliuzunguka mara mbili kwa kupitwa na njia yetu, pikapu ilikuwa inatembea kwa kuchechemea. Watu wakasimama kutazama. Hapo ndipo aliposhika kijiti ili aitoe foo-wili, na kijiti kikakataa.

Akavuta. Akasukuma. Akaweka mguu kwenye dashibodi akavuta kwa mikono miwili, gari likiwa limesimama kando ya barabara. Kijiti hakikutikisika. Simu ikaita, dada.

"Mmefika wapi?"

"Tumefika hapa karibu," shemeji akasema huku akihema, "tunatoa gia."

Kando ya barabara palikuwa na mzee aliyekuwa amepumzika na baiskeli yake. Ametutazama tangu kwenye mzunguko, nikashuka kumsalimia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mnalia sana?"

"Si sisi mzee, ni tairi."

Kumbe aliwahi kuwa dereva wa malori. Akaja, akachungulia ndani, akaguna. Akamwuliza shemeji swali ambalo halikuonekana kuhusu gari kabisa: kabati lile tulilitoaje ndani ya nyumba? Shemeji akamweleza kwamba tulilibeba wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma.

"Kwenye kona ya ukumbi nani alitembea sana?"

"Wa mbele. Alizunguka kwa mbali."

"Basi na gari ni vivyo hivyo. Mkikata kona, magurudumu ya mbele yanakwenda njia ndefu, ya nyuma yanakata njia fupi. Wewe umeyafunga pamoja, umeyaambia yaende sawasawa. Kwenye tope tairi inateleza kidogo, ugomvi unakwisha. Kwenye lami kavu inateleza wapi? Shafti zinajinyonga, meno ya gia yanabanana, na kijiti chako kimebanwa humo humo. Hata mkivuta wanne hakitoki."

Nikamtazama shemeji. Alikuwa anatikisa kichwa kwa namna ya mtu anayethibitisha jambo alilolijua.

Dawa, mzee akasema, ni kurudi nyuma: usukani unyooke, gari lirudi taratibu mpaka ule mnyongo ufunguke. Kwa hiyo tukarudi nyuma kando ya barabara, mzee akitusindikiza kwa miguu, mimi nimetoa kichwa dirishani kuangalia nyuma, na kila dereva aliyepita akitupigia honi. Kioo cha kabati kilikuwa kimetuelekea. Nilijiona vizuri sana ndani yake, na nisingependa kuieleza sura ile.

Tulisimama mahali penye mteremko mdogo mno, ambao mtu akitembea hausikii. Shemeji akazima injini, akaingiza gia ya kwanza, akaanza tena kukitikisa kijiti kifupi, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Tak! Kikalegea.

"Imetoka!" akapiga kelele.

Na kweli ilikuwa imetoka. Kilichobaki ni kujua imekwenda wapi, na maandishi ndiyo yale yaliyoishia kiganjani mwake.

Akaruka chini kwenda kufungua habu, na safari hii alikataa katakata nisishuke. Ile sheria ya dereva na usukani ilikuwa imebatilishwa. Nikamwuliza kama amevuta hendibreki.

"Gari liko kwenye gia, shemeji. Litakwenda wapi?"

Akachuchumaa mbele ya gurudumu, akashika habu, akaizungusha. Alipoinua uso aone kazi yake, gurudumu lilikuwa linaondoka. Alilifuata kwa kuchuchumaa hatua mbili tatu, mkono bado uko hewani, kabla hajaelewa.

"Shemeji! Unakwenda wapi?"

Mimi? Nilikuwa kiti cha abiria! Kati yangu na breki palikuwa na vijiti viwili, na miguu yangu ilikuwa imebeba tope la kutosha kupanda mgomba. Nikajitupa upande wa usukani. Hendibreki ya gari lile ni mkono wa kuvuta chini ya dashibodi, na jirani yake pana mkono mwingine wa kuvuta. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Boneti ikafunguka.

Sasa mbele sioni kitu, ingawa bahati nzuri tulikuwa tunakwenda nyuma. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona mzee ameshaitupa baiskeli majanini. Mlango wa kabati ukafunguka wazi. Hatimaye nikapata kanyagio la breki kwa kisigino, nikalikandamiza, na pikapu ikasimama taratibu ikiwa imeegemeza mgongo kwenye rundo la mchanga ambalo mtu mwema alilimwaga hapo.

Mzee ndiye aliyefika wa kwanza. Hakukimbia. Akaingiza mkono dirishani, akavuta hendibreki halisi, akakigusa kijiti kifupi kwa kidole kimoja.

"Hii ni N," akasema. "Hapa shafti zote mbili, ya mbele na ya nyuma, zimeachiwa. Hata ukiweka ya kwanza, hata ukiweka ya tano, injini haijui kama kuna magurudumu. Ndiyo maana hendibreki ikaitwa hendibreki."

Akanisogeza, akakaa, akakanyaga klachi, akakirudisha kijiti 2H, ile ya magurudumu mawili, bila kukunja hata uso, akasogeza gari mbele mita chache. Laini kabisa. Shemeji akamfungulia mlango kwa heshima, akamshukuru, kisha akamwuliza kwa sauti ndogo kama anaweza kumwandikia zile herufi upya kwa kalamu.

Tulifika jioni. Kabati lilikuwa na kioo kimoja na mchanga kwenye droo ya chini. Dada akalizunguka, akanitazama kuanzia masikioni hadi kwenye viatu, kisha akamgeukia mumewe.

"Si ulisema hili gari halikwami?"

"Kukwama ni kusimama, mke wangu," shemeji akamjibu, akishusha kamba. "Sisi hatukusimama hata pale tulipotaka."