Kabla hamjaamini ya kwenye grupu

Najua mmeshasikia. Yule rafiki yangu mwenye mdomo ametuma voisi ya dakika nne kwenye magrupu matatu, na kwenye hadithi yake mimi nalia. Sikulia. Naomba na mimi nisikilizwe.

Laptopu yangu mnaijua, ile ajuza yenye tundu la CD ubavuni. Wiki iliyopita nikajikamua elfu sabini nikanunua SSD, ile diski ya kisasa yenye kasi, Kariakoo. Dada wa kaunta akauliza kwa upole, "Kaka, tukufungie? Fundi yupo." Nikamjibu, "Fundi ni mimi." Shikeni hapo, itarudi.

Nyumbani sikutaka kung'oa diski ya zamani, ina video za harusi ya dada yangu. Nikaiacha palepale. Nikatoa kile cha kusomea CD, SSD nikaipachika humo kwa kale kafremu mafundi wanakaita kedi. Ikawaka! Nikajipigia makofi peke yangu. Kuja kupima: megabaiti 130 kwa sekunde. Boksi limeandikwa 550.

Siku tatu sikulala. Nikabadilisha draiva, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya ndani kabisa ya mashine, kuhakikisha diski iko kwenye AHCI, hali inayofaa SSD, nikapiga Windows upya mara mbili. 130. Basi, kwa akili zangu zote, nikaamua nimeuziwa feki.

Jumamosi mchana nikaingia dukani, wateja wamejaa, na huyo mwenye mdomo nimembeba mwenyewe eti awe shahidi. Laptopu nikaitua kaunta kwa kishindo. "Mnatuuzia feki halafu mnatuita kaka!" Watu wakageuka. Mama mmoja aliyekuwa analipia chaja akarudisha hela kwenye pochi. Nikanogewa. Nikataja polisi.

Fundi akatoka nyuma, kijana hata ndevu bado, soda mkononi. Hakubishana. Akafungua CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, akanigeuzia skrini penye kasi ya SATA, ile njia inayounganisha diski na laptopu: SATA/150, kamstari, SATA/600.

"Shikamoo," akasema. (Duka lile lilikuwa linaniita kaka, ghafla shikamoo! Hapo ningejiongeza nikaondoka.) "Hii ya kulia ndiyo uwezo wa SSD. Ya kushoto ndiyo njia uliyoipitisha. Umeifunga wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi?"

Nikakohoa. Jasho lilianzia nyuma ya masikio, nikalisikia linavyotambaa shingoni mpaka kwenye kola. Duka zima kimya, feni tu ndiyo inaongea. Kijana akazima laptopu, akaifunika kifudifudi, akafungua skrubu moja. Jamani, MOJA. Akavuta ubavuni. Elfu sabini yangu ikateleza nje polepole, kama sinia la maandazi linatoka jikoni.

Dada wa kaunta akaitazama. Akanitazama. "Huyu si ndiye yule fundi?"

Wa kwanza kuangua kicheko alikuwa shahidi wangu. Alicheka hadi akashika mlango. Wewe unayecheka hapo, angalau wewe hukupewa nauli.

Kifupi tu: kwenye laptopu yangu tundu la CD linapitisha gigabiti 1.5 kwa sekunde, ndiyo ile 150 ya kwenye skrini; kitanda cha diski kinapitisha 3. Kijana akazibadilisha nafasi diski zote mbili, harusi ikahamia kwenye tundu la CD, SSD ikakaa mahali pake, ikapanda hadi 260 na ushee. Hiyo 550 inataka laptopu ya gigabiti 6, na hiyo mimi sina. Nikalipa elfu tano, nikaomba radhi, mama akanunua chaja yake, nikatoka bila kuaga.

Kuhusu kulia: lilikuwa lile jasho, liliingia machoni.

Leo nimeamka nakuta kwenye grupu naitwa Sinia. Na kuna mmoja, tena hatanii, ameniuliza kama naweza kumchezea CD zake za kwaya. Ndugu yangu, tundu lina harusi.