Herufi mbili za uzi mwekundu

Shuka ile ya kitani ilikuwa chini ya rundo la suruali za watoto, kwenye soko la Jumapili la vitu vya zamani, katika kijiji kimoja nje ya Rouen, mji wa Normandy, kaskazini mwa Ufaransa. Nilivuta pembe yake nikidhani ni turubai. Ilikuwa nzito, rangi ya uji uliotiwa maziwa, na katikati ilikuwa na mshono mmoja ulioshuka kutoka juu mpaka chini. Pembeni mwa mshono huo, kwenye upindo wa juu, palikuwa na herufi mbili ndogo, M na L, na chini yake namba 6, zote zimedariziwa kwa uzi mwekundu. Bibi aliyekuwa akiuza akaniambia euro 15, kisha akaongeza, kwa nia njema kabisa, kwamba nikiikata vizuri nitapata foronya nne za mito ya kochi.

Sikuikata. Na haya ninayoandika ni kuwaomba wengine nao wasikate.

Kitani hapa Normandy si habari ya makumbusho. Ufaransa ndiyo nchi inayoongoza duniani kwa kulima kitani cha nyuzi, na mwezi wa Juni ukishika barabara za kuelekea baharini unaona mashamba yamegeuka buluu. Ua lenyewe halikai: asubuhi limechanua, mchana limeshapukutika. Mmea haukatwi, unang'olewa na mizizi yake na kulazwa pale pale shambani majuma kadhaa, umande na jua viuozeshe mpaka nyuzi ziachane na bua. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo nilimkumbuka bibi yangu Unguja, alivyokuwa akifukia makumbi ya nazi pwani, akayaacha miezi, kisha akayafukua kuyaponda na kuyasokota kamba. Watu ambao hawakujuana hata siku moja, na kazi ni ile ile.

Nguo inayotoka kwenye kitani ina tabia mbili ambazo pamba haina kwa kiasi kile. Ikilowa inazidi kuwa imara, na kila inavyofuliwa inalainika. Ndiyo maana shuka ya miaka mia bado inatandikika, na ni laini kuliko mpya yoyote niliyowahi kununua. Kuna pia za hempu, mmea ulio ndugu wa bangi, ambazo zinaanza zikiwa ngumu zaidi. Na kuna zinazoitwa métis, mtande (nyuzi za urefu) wa pamba na mshindio (nyuzi zinazokatiza) wa kitani, ambazo wauzaji wengine wanaziuza kama kitani tupu. Ukizishika mara chache mkono unaanza kuzitofautisha.

Ule mshono wa katikati una sababu yake. Kitanda cha mfumi, yaani chombo cha kufumia nguo kwa mkono, hakiwezi kutoa nguo pana kuliko mfumaji anavyoweza kufikisha mikono yake, hivyo shuka moja ilihitaji vipande viwili viunganishwe. Ukiona mshono huo, na nukta za sindano ni ndogo na haziko sawa sawa kabisa, jua kuna mtu aliketi na kuziweka moja moja.

Lakini mimi kinachonishika ni zile herufi. Zamani vijijini, nyumba nyingi zilifanya ufuaji mkubwa mara mbili tu kwa mwaka, masika na vuli. Mashuka yalipangwa ndani ya pipa kubwa, juu yake likatandazwa gunia la majivu, na maji ya moto yakamwagwa, yakachujika chini, yakachotwa na kumwagwa tena, siku nzima. Kesho yake yakabebwa kwenda kusuuzwa mtoni au kwenye yale mabirika ya kufulia ya kijiji ambayo mengine yapo mpaka leo. Nyumba inayofua mara mbili kwa mwaka inahitaji mashuka kwa dazeni, na mashuka ya watu wengi yakikutana majini lazima yawe na alama. Herufi zilisema ni ya nani. Namba ilisema ni ya ngapi, ili yatumike kwa zamu, isichakae hii ikabaki mpya ile. Pambo lile nililolitazama kwa kulipenda pale sokoni lilikuwa, kwa aliyelishona, njia ya kutopoteza mali.

Hata wekundu wenyewe ni wa kazi. Unastahimili kuchemshwa na majivu bila kuchuja, na siri yake ilifika hapa hapa jirani: mwaka 1747 waliletwa mafundi wa Kigiriki, ikaanzishwa kazi ya kutia rangi Darnétal, mlangoni mwa Rouen. Rangi ilitoka kwenye mizizi ya mmea uitwao garance, na ili ishike kwenye uzi wa pamba ilipitishwa mafuta, samadi na shabu, hatua baada ya hatua. Mwaka 1868 wanakemia wa Kijerumani Graebe na Liebermann wakaweza kuitengeneza bila mmea, na mashamba ya garance yakafa.

Sitaki kuyapamba mambo. Wasichana hawakuulizwa kama wanapenda. Sheria ya shule ya Machi 28, 1882 iliandika kazi ya sindano kuwa somo la wasichana, na kabla ya hapo na baada ya hapo walijifunza alfabeti na mshono wa msalaba kwa pamoja, kwenye kitambaa kimoja. Na si kila M au L imeshonwa na mwenyewe. Mashuka ya matajiri mengi yalidariziwa kwenye nyumba za watawa, na mikono ya wasichana ambao hawakuwa na kabati la kuyaweka. Hilo linanifanya nizitazame nukta zile kwa heshima zaidi, kwa sababu kwa wengi wao hapana maandishi mengine waliyotuachia.

Nilipofika nyumbani na shuka ile, nilifungua sanduku langu na kutoa foronya mbili alizonidarizia mama kabla ya harusi yangu. Poplini nyeupe, majani ya kijani, na neno LALA kwenye moja, SALAMA kwenye nyingine. Miaka kumi na moja nilizificha. Niliona ni mambo ya nyumbani, hayaendi na chumba cha Ulaya. Nikaziweka kitandani pamoja na M na L, nikakaa kuziangalia. Mfaransa yule aliandika shuka ni ya nani. Mama yangu hakuandika jina, aliandika neno la kumwambia atakayelala. Sijui niseme lipi ni zuri kuliko jingine, ila la mama linanigusa zaidi, na ni la kwetu, sijaliona popote hapa.

Nikampigia simu nikamwomba zile anazomdarizia mdogo wangu sasa azitie herufi zake pembeni, na mwaka. Akasema, "Mwanangu, kwani nani hajui kama ni zangu?" Nikamwambia wajukuu wa wajukuu zako, mama. Akanyamaza kidogo, akaniuliza uzi wa rangi gani.

Kwa hiyo kuhusu kukata. Najua mito ya kochi yenye herufi za zamani inapendeza, na kwamba bora mto kuliko jaa. Shuka iliyotoboka kila mahali, sawa, okoa kipande. Lakini nyingi zinazokatwa ni nzima. Mtu anachukua nguo iliyofanywa idumu miaka mia mbili, anabakisha ile pembe yenye herufi, na inayobaki inakuwa matambara. Ukinunua, tandika. Fua kwa maji ya moto, anika juani, lalia. Haitaki kuhurumiwa.

Na ikichakaa katikati, mabibi wa hapa walijua la kufanya. Unaufumua ule mshono, vipande viwili unavigeuza ili kingo za nje, ambazo bado ni nzima, zikutane katikati, unashona upya, na pale palipochakaa panakwenda kando na kuchomekwa chini ya godoro. Yangu niliigeuza majira ya baridi yaliyopita. Kufumua tu kulinichukua jioni mbili, kwa sababu uzi wake haukutaka kuachia, na kushona jioni nne. Herufi zilizokuwa karibu na katikati sasa ziko ukingoni, M na L na ile 6, upande ninaolala mimi.