Wanaume Wote Tai, Asiye na Tai Asije

Jamani, mchango wa harusi nimetoa. Laki nzima, tena mweka hazina alishanitangaza kwenye grupu kwa majina yangu matatu kabla sijamaliza kutuma. Nikanyamaza, kwa sababu mtu mzima hagombani kwenye WhatsApp. Sasa leo kamati imeniletea tai. Rangi ya pichi, imekunjwa ndani ya nailoni, elfu kumi na tano. Nafungua: haijafungwa! Elfu kumi na tano na kazi bado nimalizie mwenyewe.

Mwanangu wa darasa la pili ana tai ya mpira. Anaivuta, anaachia, anaondoka zake shule. Sisi wenye ndevu ndio tunapewa utambi.

Nikafungua video. Kijana anatabasamu, anasema ni rahisi mno, halafu mkono wake wa kulia ni kushoto kwangu, na kila inapofika sehemu yenyewe, vidole vinaziba. Bando likaisha ncha ikiwa hewani.

Ila nilikuwa nimeshasoma kidogo, ndipo nikazidi kuchukia. Kumbe hii kitu ni askari wa kukodiwa kutoka Croatia, karne ya 17, walikwenda Ufaransa na vitambaa shingoni, Wafaransa wakavipenda. Sawa, kwao baridi. Mbagala hii, mwezi wa pili, shingo inalindwa na nini? Halafu mwaka 1999 wanafizikia wawili wa Cambridge, Thomas Fink na Yong Mao, wakakaa chini wakapiga hesabu za njia za kufunga tai, wakapata 85. Themanini na tano! Mimi naomba moja.

Basi nikaenda kwa mzee wa chumba cha mwisho. Huyu ni mstaafu, na ndiye pekee hapa kwetu anayevaa tai bila kulazimishwa. Huivaa hata akienda kufuatilia mafao, na mafao yenyewe hayajawahi kushtuka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona umeishika kama umekamata nyoka? Lete."

Akanisimamisha koridoni. Ncha nene akaiacha ndefu, nyembamba fupi. Nene juu ya nyembamba, ikapita chini, ikarudi juu, ikawa ipande shingoni ishukie kwenye tundu. Hapo akasimama. Akakunja uso. Akasema yeye amezoea shingo yake, shingo ya mtu inampoteza njia.

"Geuka."

Nikageuka. Akanijia kwa nyuma, mikono ikapita juu ya mabega yangu. Lakini mzee ni mfupi, haoni mbele, kwa hiyo akapindua ndoo akapanda juu yake, kidevu kikatua sikioni kwangu, pumzi yote tangawizi. Saa hiyo ndiyo foleni ya bafu. Dada wa chumba cha pili akatokea na kopo lake, akatutazama, akarudi kuwaita wenzake.

Mzee wala hana habari. Ameshaanza Mobutu. Yeye ni mtu wa Kigoma, miaka ya 70 alikuwa akivuka ziwa na mizigo kwenda Uvira, Zaire, Kongo ya leo, na kule Rais Mobutu alikuwa ameshapiga marufuku tai. Watu wanavaa abakosti, kola juu, shingo wazi. Mzee akisema "marufuku" mikono inakaza. "Waziri haruhusiwi!" Inakaza. "Karani haruhusiwi!" Mimi macho yananitoka. Nilivuta pumzi Mobutu alipotangaza vyama vingi Aprili 1990 na kuwaachia watu tai zao.

Akashuka kwenye ndoo, akarudi nyuma, akaniangalia.

"Imekaa."

Imekaa wapi? Ile nyembamba inafika kwenye zipu, nene imeishia kwenye kifungo cha tatu. Wale dada wamekalia ndoo zao, bafu limesahaulika. Nikaanza kuifungua, mzee akanidaka mkono kwa ukali.

"Usithubutu! Tai haifunguliwi, bwana mdogo. Inalegezwa, inavuliwa kichwani, inatundikwa msumarini. Hii yangu alinifunga karani wetu mkuu. Na sasa ni marehemu."

Ina maana mtu huyu hajawahi kufunga tai maishani mwake! Amenikaba nusu saa kwa kujiamini tu! Na bado nikamwambia ahsante mzee, kwa sababu nililelewa.

Lakini hivi kweli, nani alikaa akaamua heshima inakaa shingoni? Mwalimu Nyerere katika picha ngapi ana suti yake ile isiyo na tai, na nchi ikaongozwa? Kenya nao Novemba 2023 Spika kakataza Kaunda suti bungeni. Mheshimiwa mwanamume aje na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mtu mzima, amechaguliwa na maelfu ya watu, anakumbushwa soksi!

Halafu mimi hizo soksi ninazo, moja nyeusi na nyingine ya bluu iliyokoza, usiku hakuna atakayejua. Tatizo ni viatu. Viatu viko kwa fundi tangu wiki iliyopita, kila nikienda ananiambia njoo jioni, na jioni yenyewe haikutani naye. Leo nimemkuta. Eti gundi haijakauka. Kwa jua hili? Mbona mimi nimekauka?