Nadharia ya mageuko haihitaji kiapo chako

Nikishamwambia mtu hapa Mbeya kwamba nafundisha baiolojia, swali halikawii: "Kwa hiyo, mwalimu, na wewe unaamini binadamu alikuwa nyani?" Huuliza kama anayetaka kujua nasali wapi, na anasubiri ndiyo au hapana. Sipendi kulijibu hivyo.

Nadharia yenyewe ya mageuko, kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi, haisemi tulikuwa nyani hawa wanaotumalizia mahindi shambani. Inasema sisi na wao tuna mababu wa pamoja, wa zamani mno. Hilo tuliache hapo, maana kuna kubwa zaidi. Nadharia ya kisayansi haikaririwi kwa kusimama kama kanuni ya imani. Anayeikubali huiachia itamke mambo ambayo bado hayajaonekana, kisha huenda kutazama, akijua kabisa kwamba inaweza kuumbuka. Ikipita anaitumia. Ikishindwa anairekebisha, au anaachana nayo.

Mfano hatuhitaji kuufuata mbali. Wataalamu wa vinasaba, kwa kulinganisha viumbe walio hai, walishakadiria kwamba ukoo wa sokwe, ambamo nasi tumo, na ukoo wa nyani na tumbili uliachana kati ya miaka milioni 25 na 30 iliyopita. Visukuku, yaani mabaki ya kale yaliyogeuka mawe, vya kuthibitisha umri huo havikuwepo. Mwaka 2013 timu iliyoongozwa na Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio, wakiwamo Watanzania, ikatangaza ilichokipata bonde la Rukwa: kipande cha taya na meno yake, cha mnyama wa ukoo wa sokwe waliyempa jina Rukwapithecus, na kipande kingine chenye jino moja, cha ukoo wa nyani, Nsungwepithecus. Miamba ile ina umri wa miaka milioni 25 hivi, ndani ya makadirio yaleyale.

Bonde hilohilo lina miamba mikongwe zaidi, yenye mifupa ya dinosaria. Mmoja wao alipewa jina Shingopana mwaka 2017, na aliishi kati ya miaka milioni 70 na 100 iliyopita. Taya la sokwe lingekutwa kwenye tabaka la Shingopana, nadharia ingekuwa mashakani, na mimi ningekuwa wa kwanza kuwaambia wanafunzi wangu. Kila anayechimba kule anaipa nafasi nyingine ya kushindwa. Ndiyo maana naiheshimu.

Wanaoikubali nao hukosea. Kipunji wa Mlima Rungwe alijulikana kwa wawindaji wa Kinyakyusa kabla ya wanasayansi kumwandika mwaka 2005, na kwa kutazama sura yake wakamweka jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Lophocebus. Baadaye mmoja akanaswa kwenye mtego wa mkulima, vinasaba vyake vikapimwa, vikaonyesha undugu wa karibu zaidi na nyani. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Kosa lilisahihishwa kwa kazi ileile ya kutafuta nani ni ndugu wa nani.

Lakini panapouma ni kwenye malaria. Sisi tuliokulia Kyela tunaikumbuka klorokwini: uchungu unaokwama kooni hata ukilambishwa sukari, halafu usiku mwili mzima unawasha mpaka unajikuna kwa gunzi. Ilituponya miaka mingi, kisha ikaanza kushindwa. Watu walisema dawa siku hizi ni feki. Kumbe waliobadilika ni wadudu wenyewe. Kati ya vimelea wasiohesabika, wachache walikuwa na badiliko dogo la kinasaba lililowawezesha kuisukuma dawa nje ya pale inapofanyia kazi. Wenzao walikufa, wao wakazaana. Huo ndio uteuzi asilia. Mwaka 2001 Tanzania ikahamia SP, dawa nyingine ya malaria. SP nayo vimelea wakaizoea, na mwishoni mwa 2006 tukaanza kuingia kwenye dawa ya mseto.

Sasa vuka Mto Songwe. Malawi waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993. Kama usugu unamgharimu kimelea, basi dawa ikiondoka, wale wasio na usugu watarudi kutawala. Hivyo ndivyo nadharia inavyotufundisha kutarajia. Watafiti wakapima kwa watoto Blantyre, na majibu yakatoka mwaka 2006: kati ya watoto 80 waliopewa klorokwini, ilishindwa kumtibu mmoja tu. Dawa tuliyoizika ilikuwa inatibu tena, upande wa pili wa mto.

Na dawa ya mseto ina dawa mbili kwa sababu ni vigumu kimelea mmoja kuzishinda zote kwa pamoja. Hesabu hiyo ni ya mageuko tupu, iko ndani ya pakiti tunayopewa zahanati, na anayeimeza ananufaika nayo hata kama hajawahi kumsikia Darwin, aliyeiandika nadharia hii.

Mimi ni mtu wa kanisani, na hakuna Jumapili niliyolazimika kuacha haya mlangoni. Kinachonisikitisha ni darasa. Kijana anakariri uteuzi asilia, anaumwaga kwenye mtihani, anapata alama zake, kisha akirudi nyumbani anamwona mama akigawa dozi moja kwa watoto wawili, na haoni kwamba dozi pungufu huwaachia nafasi vimelea wagumu wazaane. Huyo hajaikubali nadharia wala hajaikataa. Hajawahi kukutana nayo.

Na muda hautusubiri. Kule Kagera wameshakutwa vimelea wenye badiliko linalopunguza makali ya artemisinini, nguzo ya dawa ya mseto. Walimu wenzangu wa nyanda hizi, tuanze mada hii na Kyela na Blantyre, na vile vidonge vya siku tatu. Kitabu cha Darwin cha mwaka 1859 kifuate, wanafunzi wakiwa tayari wana la kumuuliza.